Mwache Achore kwa Mkono Wake Mwenyewe

Pita katika uwanja wowote uliofagiliwa asubuhi, iwe Kashozi au Kamachumu, utaona alama za vidole na vijiti ardhini. Kuna mistari iliyopinda, miviringo isiyofungana, na pengine kitu chenye miguu minne ambacho huwezi kujua kama ni ng'ombe, meza au mbwa wa jirani. Ukitazama ukuta wa jikoni, utaona mkaa umepita huko pia. Hiyo ndiyo kazi ya watoto wetu.

Wengi wetu tukiona hayo tuna neno moja tu: "Unachafua!" Au, tukiwa na nafasi siku hiyo, twamshika mtoto mkono na kumwonyesha nyumba inavyochorwa: paa la pembetatu, mlango katikati, madirisha mawili. Twamfundisha hivyo hata kama nyumba anayolala yeye haifanani na hiyo hata kidogo.

Katika makala haya tungependa kuzungumza na akina mama wenzetu juu ya jambo hili dogo ambalo si dogo. Sisi ni watu wa uuguzi, na mwisho wa juma twasaidia watoto kanisani. Tumewaona watoto katika kliniki na katika shule ya Jumapili, wazima na wagonjwa, wenye wazazi na wasio nao. Tunaamini kuwa mtoto anahitaji muda wa kuchora, kufinyanga na kubandika vitu bila kupewa mfano wa kuiga na bila kutazamiwa alete kitu kizuri mwishoni. Anahitaji muda huo kama anavyohitaji uji na usingizi.

NJIA MBILI ZA KAZI YA MKONO

Kuna njia mbili za kumpa mtoto kazi ya mkono. Njia ya kwanza twaijua sote. Mwalimu huchora chungu ubaoni, nao watoto hamsini huchora chungu kile kile. Anayekaribia zaidi kile cha ubaoni hupata alama ya vema. Katika shule ya Jumapili nako twawapa watoto picha iliyokwisha kuchorwa ya safina ya Nuhu, kazi yao ikawa kupaka rangi bila kuvuka mstari.

Njia hiyo ina mahali pake. Herufi lazima ziigwe, maana hakuna mtu atakayesoma "a" aliyojitungia mtoto. Mkeka nao hausukwi kwa kubuni tu. Binti hukaa karibu na bibi yake, akafuata mkono wa bibi mpaka mkono wake uzoee. Hatusemi njia hiyo itupwe.

Njia ya pili ni ile ambayo hatumpi mtoto mfano wowote. Twampa vifaa na mahali pa kukaa, kisha twamwacha. Hebu tumtazame mtoto wa miaka minne aliyepewa donge la udongo wa mfinyanzi lenye ukubwa wa chungwa. Kwanza analibonyeza kwa kidole. Analiviringisha, linakuwa mpira. Analipiga kwa kiganja, linakuwa chapati. Analikunja, linakuwa ndizi. Analisugua juu ya ubao, linarefuka na kuwa nyoka, nyoka anakatika, sasa ni nyoka wawili wanaopigana. Mwishoni anavikusanya vyote na kuvirudisha kuwa donge, anaondoka kwenda kunywa maji.

Baba akirudi jioni na kuuliza, "Leo umetengeneza nini?" hakuna cha kumwonyesha. Lakini hebu tuhesabu mtoto huyu alichofanya. Amejaribu nguvu za vidole vyake. Ameona kuwa udongo wenye maji mengi hausimami na mkavu hupasuka. Amefikiri jambo, amelifanya, amelibadilisha bila kuogopa, na amejitungia hadithi. Kwake yeye faida ilikuwa katika kule kufanya, si katika kitu cha kuweka kabatini. Nabii Yeremia alipotumwa nyumbani kwa mfinyanzi, sura ya 18, alikuta chombo kimeharibika mkononi mwa fundi, naye fundi akaufanya udongo ule ule kuwa chombo kingine. Mfinyanzi hakuutupa udongo wala hakulia. Mtoto wetu naye yafaa aruhusiwe kuharibu na kuanza tena.

MKONO UNA NGAZI ZAKE

Kama vile mtoto anavyokaa, akatambaa, akasimama, ndipo akatembea, mkono wake nao una ngazi za kupanda. Mwaka 1947 mwalimu mmoja mzaliwa wa Austria aliyehamia Marekani, Viktor Lowenfeld, alitoa kitabu kinachoeleza ngazi hizo. Wazazi na walimu wa nchi nyingi wameziona kwa watoto wao, na nasi twaziona hapa kwetu. Umri tunaoutaja ni wa kukadiria tu, kwani watoto hawalingani.

Karibu na mwaka mmoja na nusu mtoto hukwaruza tu. Mkono wote hutembea kutoka begani, naye hufurahia kuona kuwa akipita, alama inabaki. Baadaye mwendo huo hushuka kwenye kiwiko, kisha kwenye kifundo cha mkono, mwisho kwenye vidole. Anapokaribia miaka mitatu huweza kufunga mduara. Siku ile mduara ulipofunga, mama, ni siku kubwa, ingawa hakuna anayepiga vigelegele.

Karibu na miaka minne mduara huota miguu. Huyo ni mtu: kichwa kikubwa, miguu miwili mirefu, na pengine mikono inayotoka mashavuni. Usimwambie mtoto amesahau tumbo. Hakusahau. Ameweka yale yanayomhusu zaidi. Kati ya miaka mitano na minane vitu huanza kusimama juu ya mstari wa ardhi, jua likakaa pembeni, na mama akawa mkubwa kuliko nyumba, kwa kuwa machoni pa mtoto ndivyo alivyo.

Anapofika miaka tisa au kumi mtoto hutaka picha yake ifanane na kitu chenyewe. Hapo ndipo wengi huacha. Husema, "Mimi sijui kuchora," wakafunga ukurasa huo maisha yao yote. Waulize akina mama katika kikundi chenu ni wangapi waliacha katika umri huo, na kwa sababu ya neno la nani. Lowenfeld alionya kuwa vitabu vya kupaka rangi huharakisha jambo hili, kwa sababu mtoto aliyezoea ndege aliyechorwa na mtu mzima hulinganisha ndege wake mwenyewe na yule, akaona aibu.

Kwa upande wetu wa uuguzi kuna faida nyingine. Vidole vinavyobonyeza udongo na kuchana karatasi ndivyo vitakavyoshika penseli darasa la kwanza, vikafunga vifungo vya shati na kumenya ndizi bila kujikata. Na ukimtazama mtoto akicheza hivyo, utagundua mapema mambo ambayo muuguzi angependa kuyajua. Mtoto ambaye kabla hajafika mwaka mmoja anatumia mkono mmoja tu, na ule mwingine ameukunja au ameuacha ukining'inia, apelekwe kliniki akaangaliwe. Mtoto mkubwa kidogo anayepeleka macho karibu mno na karatasi, naye apimwe macho.

Lakini mtoto anayechora kwa mkono wa kushoto si mgonjwa. Tusimpige wala kumfunga mkono. Tumfundishe kupokea na kusalimia wageni kwa mkono wa kulia, kama ilivyo adabu yetu, bali penseli tumwachie mkono anaoupenda.

MWALIMU ALIYEKATAA WANAFUNZI WAIGE

Pengine mama mmoja atasema, "Haya ni mambo ya Wazungu, kwetu hayako." Si kweli. Watoto wa Kagera wamekuwa wakitengeneza mipira na wanasesere kwa maganda ya migomba bila kufundishwa na mtu. Wazazi wetu walitandika nyasi sakafuni kwa mpangilio, na babu zetu waligonga magome ya mti mpaka yakawa nguo. Mikono yetu haikungoja penseli za dukani.

Na hata katika elimu ya shule, mfano mmoja mkubwa ulitokea karibu nasi, ng'ambo ya mpaka, huko Kampala, mji ambao watu wa Bukoba wameujua tangu zamani kwa shule na biashara. Katika miaka ya 1930 aliishi huko mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell. Mume wake, Dk. Hugh Trowell, ni yule daktari ambaye sisi wauguzi twamkumbuka kwa kazi yake juu ya ugonjwa wa kwashakoo. Bibi Trowell alianza kufundisha sanaa barazani pa nyumba yake, na darasa hilo likaja kuwa shule ya sanaa ya Makerere.

Wakati ule ilikuwa rahisi kwa mwalimu kutundika picha za Ulaya ukutani na kuwaambia wanafunzi waige. Yeye hakupenda hivyo. Aliwasimulia tukio, yakiwemo ya Biblia, kisha akawaacha kila mmoja alione akilini mwake na kulichora kama alivyoliona. Njia hiyo alikuwa ameipata London kwa mwalimu wake, Marion Richardson, aliyekuwa akiwaambia wasichana wa shule wafumbe macho, waione picha ndani, ndipo wafumbue na kuanza. Mwaka 1938 kazi za wanafunzi wa Bibi Trowell zilionyeshwa katika Kanisa Kuu la Namirembe, Kampala, na mwaka uliofuata zilionyeshwa London.

Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa kijana wa kutoka Machame, Kilimanjaro, aliyezaliwa mwaka 1923. Jina lake Sam Ntiro. Alichora watu wa kijijini wakilima, wakivuna na kufanya kazi migombani, kwa namna yake mwenyewe. Baadaye alifundisha Makerere, na Tanganyika ilipopata uhuru, akawa balozi wetu wa kwanza huko London. Yeye hakuwa mtoto mdogo alipofundishwa, na si kila mtoto atakuwa Ntiro. Tunalotaka kuonyesha ni kuwa mwanafunzi aliyeachwa aone kwa macho yake alileta migomba ya kwao, wala hakuleta vilima vya Uingereza.

JAMBO LISILOSEMEKA KWA MDOMO

Sasa tuje kwenye sababu inayotugusa zaidi sisi wa mkoa huu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa nchini Tanzania walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983. Miaka iliyofuata ilijaza vijiji vyetu makaburi, na watoto wengi wakabaki mikononi mwa bibi zao. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba nyingi na kuua watu. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg uliingia Bukoba Vijijini, na kabla haujatangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka huo ulikuwa umeua watu sita. Katika mambo yote hayo watu wazima walikutana, wakalia, wakaombeana. Watoto waliambiwa, "Nenda kacheze."

Mtoto hulia kidogo, kisha anakwenda kucheza kweli, nasi twadhani amesahau. Hakusahau, bali maneno yake bado ni machache. Jambo lililo kubwa kuliko maneno yake hutokea mikononi.

Huko Nshamba, wilayani Muleba, ulianzishwa mwaka 1997 mradi ulioitwa Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya kuliwaza. Waanzilishi wake waliona kuwa yatima alikuwa akipewa sare na madaftari, lakini huzuni yake haina mtu wa kuishughulikia, ndipo wakawafundisha walimu namna ya kumsikiliza mtoto. Baadaye vijana yatima wenyewe waliunda umoja wao, Vijana Simama Imara. Kazi hiyo ilitufundisha wengi wetu kuwa kumlisha mtoto na kumsikiliza ni kazi mbili, na zote mbili zatakiwa.

Tumkumbuke binti mmoja wa miaka kama saba, aliyelelewa na bibi yake katika kijiji kimoja cha Muleba baada ya mama yake kufariki. Kila alasiri alikuwa akikaa chini ya mgomba na udongo wake. Alitengeneza kitanda, akamlaza mtu wa udongo, akamfunika kwa kipande cha jani. Kisha akamfunua, akamfunika tena. Majirani walimwambia bibi amkataze, kwani huo ni uchuro. Bibi hakumkataza. Alihamisha ungo wake wa ndizi, akakaa karibu naye akimenya. Siku moja akasema tu, "Umemwekea jani." Mtoto akajibu, "Asisikie baridi." Basi, hawakuzungumza zaidi siku hiyo. Lakini tangu hapo mtoto alianza kumuuliza bibi mambo ya mama yake: alipenda kula nini, aliimba nyimbo gani, alimbeba vipi.

Baada ya tetemeko nako tuliwaona watoto wakijenga nyumba za matope na kuzibomoa, wakazijenga tena na kuzibomoa tena. Mtu mzima akiona hivyo huudhika. Lakini tufikiri: siku ya tetemeko mtoto hakuwa na uwezo juu ya lolote. Katika nyumba ya matope ni yeye anayeamua ianguke lini, na ni yeye anayeijenga upya. Kama tungemlazimisha ajenge nyumba nzuri na kuiacha isimame, tungemnyang'anya dawa yake.

Hata hivyo, tahadhari mbili. Ya kwanza, mama asiwe mpiga ramli wa michoro. Picha nyeusi yaweza kumaanisha huzuni, lakini mara nyingi yamaanisha kuwa kulikuwa na mkaa tu. Ya pili, udongo na mkaa havitibu kila kitu. Mtoto akirudia mchezo ule ule wa kutisha kwa zaidi ya mwezi bila kubadilika, huku halali usiku, ameanza tena kukojoa kitandani, hali chakula au hataki watu, apelekwe kituo cha afya. Na akionyesha kwa mchezo au mchoro kuwa kuna mtu anamgusa vibaya, usimkaripie wala usimhoji kwa hasira. Msikilize, mlinde, na utoe taarifa kwa ofisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia la polisi.

VIFAA VIMEJAA KIBANJANI

Mama asiye na fedha ya rangi za dukani asife moyo. Hapa kwetu vifaa vimetuzunguka.

1. Udongo. Udongo wa mfinyanzi ndio bora. Mtu mzima aufuate mwenyewe. Ukichukuliwa kando ya ziwa au kwenye madimbwi, watoto wasiingie majini, kwa sababu ya kichocho. Usichukuliwe karibu na choo au mahali panapolala mifugo, tusije tukaleta minyoo na pepopunda. Uondolewe mawe na vipande vya chupa, ukandwe na kufunikwa kwa kitambaa chenye maji ili usikauke.

2. Rangi. Mkaa hutoa nyeusi, majivu hutoa kijivu, udongo wetu mwekundu hutoa rangi ya matofali, manjano ya jikoni hutoa njano, na kahawa iliyochemshwa sana hutoa hudhurungi. Saga, chekecha, kisha changanya na uji mwepesi wa unga wa muhogo ili rangi ishike. Tengeneza kidogo kidogo, maana uji huchacha.

3. Brashi na mihuri. Kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki ni brashi nzuri. Bua la jani la mgomba likikatwa huonyesha vyumba vyumba kama sega la nyuki, na ukilichovya katika rangi na kuligandamiza juu ya karatasi, mtoto hatalisahau. Lakini utomvu wa mgomba twaujua, hautoki katika nguo. Siku hiyo avae nguo kuukuu.

4. Mahali pa kuchora. Nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, maboksi yaliyofunguliwa, magazeti, au kipande cha ukuta wa nje ambacho familia imekubaliana kuwa ni cha watoto. Uwanja wenyewe watosha.

Sasa vitu vya kuepuka. Watoto wengi huvunja betri kuukuu za tochi na redio ili wapate kile kijiti cheusi cha kuchorea. Wakatazwe kabisa, kwani unga uliomo ndani yake una sumu. Rangi za nyumba, hasa za mafuta, zaweza kuwa na madini ya risasi yanayodhuru ubongo wa mtoto. Mifuko ya saruji ina vumbi linalochoma ngozi na macho. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu asipewe kokoto, maharage wala vifungo, kwa maana vyote huenda mdomoni, na hata puani. Na mtoto anayependa kula udongo kila mara apelekwe kliniki apimwe damu na minyoo, asipigwe tu. Kazi ikiisha, wote wanawe mikono kwa sabuni.

MANENO YA MAMA

Vifaa vikiwa tayari, linabaki jambo gumu kuliko yote, nalo ni ulimi wetu.

Swali tunalolizoea ni "Hiki ni nini?" Mtoto mdogo mara nyingi hakuwa anachora kitu. Alikuwa anafuata mkono. Ukimuuliza hivyo atalazimika kubuni jibu, au ataona kuwa kazi yake imeshindwa kueleweka. Swali la pili ni "Mbona ng'ombe wako ana miguu mitano?" Hilo nalo tuliache. Hata sifa zina hatari yake. Ukisema "Nzuri sana!" kwa kila karatasi, mtoto huanza kuchora ili asifiwe, akatazama uso wako badala ya karatasi yake.

Basi tuseme nini? Tuseme tunachokiona. "Umetumia nyekundu nyingi upande huu." "Leo umebonyeza kwa nguvu." "Naona mistari inazunguka, inazunguka." Au tuseme, "Niambie juu ya kazi yako," kisha tunyamaze. Akijibu, tusikilize. Asipojibu, pia ni sawa. Akisema, "Mama, nichoree mbwa," usimchoree. Muulize, "Mbwa wetu masikio yake yamekaaje? Mkia je?" Mbwa atakayetoka atakuwa wake.

Usimsahihishie kazi yake hata kwa mstari mmoja. Mkono wako ukipita juu ya mchoro wake, atajua kuwa wake haukutosha. Watoto wawili wakikaa pamoja, usilinganishe.

NA WATAKAOPINGA JE?

Baba anayelipia mahitaji ya shule aweza kusema, "Mtoto asome, aache kuchezea matope." Mweleze kwa upole kuwa vidole hivyo ndivyo vitakavyoandika. Mtaala mpya wa shule za msingi ulioanza kutumika mwaka 2024 una somo la Sanaa na Michezo. Nao Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataja katika kifungu cha 31 haki ya mtoto kupumzika, kucheza na kushiriki sanaa.

Mwingine atatukumbusha methali, "Samaki mkunje angali mbichi." Nasi twakubali. Adabu, sala, kazi na ukweli vifundishwe mapema. Tena hata katika kazi hii huria kuna sheria: rangi haziendi kwenye vitabu vya kaka, udongo hautupiwi mwenzako, kila mtu husafisha alipokaa. Tumemwachia uhuru juu ya kile anachotengeneza, lakini si juu ya tabia.

Kuna jambo moja akina mama twapaswa kuulizana sisi kwa sisi. Katika nyumba zetu nyingi mvulana wa miaka minane ana alasiri nzima ya kutengeneza gari la waya. Dada yake wa umri huo huo amebeba mtoto mgongoni, amechota maji, anamenya ndizi. Tukimwita aje afinyange, atakuja na mtoto mgongoni. Kazi za nyumbani zina faida, nasi tumelelewa nazo, lakini mvulana naye aweza kuchota maji Jumamosi, dada yake akapata zamu yake.

Na katika shule za Jumapili, walimu wenzetu, tusiache kuwapa watoto nyimbo na masomo. Ila baada ya kusimulia habari ya Nuhu, tujaribu mara moja kuziweka kando zile picha za kupaka rangi. Tuwape karatasi tupu. Watoto thelathini watatoa safina thelathini, nyingine zikifanana na mitumbwi ya Kemondo, nyingine zikiwa na kuku wengi kuliko simba. Hapo ndipo tutakapojua walisikia nini tulipokuwa tukisimulia. Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, chaeleza jinsi Mungu alivyomjaza Bezaleli roho yake ili awe na ustadi wa kazi za mikono. Kipawa hicho chaweza kuwa kimekaa katika benchi la nyuma kabisa.

TUANZE VIPI?

Tuanze na nusu saa tu kwa juma. Jumamosi alasiri, kazi zikipungua, tandika gunia kivulini. Weka udongo, au mkaa na maboksi, aina moja au mbili tu, si vyote kwa pamoja. Weka beseni la maji karibu. Waite watoto wako, na wa jirani wakitaka. Waambie sheria za usafi, kisha ukae karibu na kazi yako mwenyewe, kusuka au kuchambua maharage, uwepo bila kuwasimamia.

Siku ya kwanza watakuuliza, "Tutengeneze nini?" Ni kawaida, wamezoea kuambiwa. Wajibu, "Mtakachopenda," na uvumilie kimya kitakachofuata. Siku ya tatu au ya nne hawatauliza tena. Zile kazi watakazotaka kuziweka, waandikie jina na tarehe nyuma. Wasizozitaka zirudi kuwa donge, na boksi liende jikoni kuwasha moto.

Na mtoto akija kwako na mikono yenye matope akasema, "Mama, ona," weka kisu chini kwanza, umtazame.